Mawakili wa Wizara ya Kazi ya Marekani: wana meno, ila si mawakili wako

Ukiwa unakata nyama kiwandani Iowa, unapanga mizigo ghalani Texas au unasafisha vyumba vya hoteli Kentucky, na bosi akakupunja saa zako, serikali ya Marekani ina huduma ya bure kwa ajili yako. Kuna wakaguzi wa kukokotoa unachodai, na nyuma yao kuna mawakili wa kumburuta bosi mahakamani akikaidi. Wakimbizi wa Kongo na Burundi wamejaa kwenye kazi za aina hii. Malalamiko ya walioitumia huduma ni mawili: jalada lilikaa mno, na hela iliyokuja ilikuwa pungufu kuliko walivyotarajia. Yote mawili yana sababu, na ukizijua mapema unaweza kuchagua mlango mwingine kabla hujachelewa.

Mawakili wenyewe wako Office of the Solicitor, idara ya sheria ya Wizara ya Kazi. Hawapokei wateja. Hakuna namba utakayopiga ukapewa wakili. Mlango wa mbele ni wa wakaguzi: Wage and Hour Division kwa mambo ya mishahara na ajira ya watoto, OSHA kwa usalama kazini. Mkaguzi huchunguza na kumtaka mwajiri alipe. Wengi hulipa hapohapo. Anayegoma ndiye ambaye jalada lake linapanda kwa wakili, na wakili ana hiari ya kulichukua au kulirudisha.

Likichukuliwa, kesi husomeka "Waziri wa Kazi dhidi ya" kampuni fulani. Jina lako halipo pale juu, kwa sababu mteja ni Waziri. Wakili anaweza kukubali mapatano ambayo wewe usingeyakubali, anaweza kudai mwaka mmoja akaacha mwingine, na hawajibiki kukupigia simu kila wiki. Huo ndio msingi wa tathmini yote hii. Kwa nguvu tunawapa nyota nne kati ya tano. Kwa kasi, mbili. Kwa kumweleza mlalamikaji kinachoendelea, moja na nusu.

Namba ya Wage and Hour ni 1-866-487-9243. Sema "Swahili" na usubiri mkalimani. Hulipii chochote, na hawahitaji kujua hali yako ya uhamiaji ili sheria ya mshahara ikulinde. Watakuuliza jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheki, anwani ya mahali pa kazi, jina la msimamizi, aina ya kazi, unalipwaje na lini, na saa ulizofanya. Ukiajiriwa kupitia wakala, taja wakala na kiwanda vyote viwili, maana wakati mwingine wote wawili huhesabika kuwa waajiri na deni likawabana pamoja.

Hapa kwenye saa ndipo madai ya waongeaji wa Kiswahili yanapoweza kuharibika kwa sababu ambayo mkaguzi hawezi hata kuihisi. Mtanzania au Mkenya akisema aliingia kazini saa mbili usiku, ana maana ya 8:00 PM. Wapo Wakongomani wanaohesabu kwa mtindo wa Kifaransa, ambao saa mbili usiku kwao ni 2:00 AM. Weka mkalimani wa Mombasa kati ya mlalamikaji wa Lubumbashi na mkaguzi wa Des Moines, na saa sita zinaweza kupotea au kuzaliwa bila mtu kudanganya. Baadaye wakili wa kampuni atasoma maelezo hayo mbele ya jaji na kuuliza kwa nini hayafanani na mashine ya kupigia kadi. Dawa ni rahisi: kila saa unayotaja, itaje kwa tarakimu kama inavyoonekana kwenye simu, na AM au PM yake. Afadhali zaidi, iandike kwenye karatasi.

Hilo daftari la saa lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Anderson dhidi ya Mt. Clemens Pottery, iliamua kwamba mwajiri asiyetunza kumbukumbu sahihi hawezi kunufaika na uzembe wake: mfanyakazi akitoa makadirio ya kuridhisha, mzigo wa kuyapinga unahamia kwa mwajiri. Sheria inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za malipo miaka 3 na kadi za saa miaka 2. Andika siku ileile, muda wa kuingia, muda wa kutoka, na kama mapumziko ya chakula uliyapata kweli. Kampuni nyingi hukata dakika 30 za chakula moja kwa moja kwenye kompyuta. Ikiwa ulikula umesimama huku mkanda wa nyama unakwenda, hizo dakika zinadaiwa. Vivyo hivyo muda wa kuvaa glavu za chuma na aproni za kinga zinazolazimishwa na kazi. Muda wa kutoka nyumbani hadi kiwandani kwenye gari la wakala, kwa kawaida, haudaiwi.

Hesabu ya saa za ziada tuione kwa mfano. Mtu analipwa dola 14 kwa saa na amefanya saa 52 kwa wiki. Kampuni imemlipa 52 mara 14, yaani dola 728. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 inasema kila saa baada ya 40 ni mara moja na nusu: 40 kwa 14 ni 560, na 12 kwa 21 ni 252, jumla 812. Amepunjwa dola 84 kwa wiki, ambazo kwa wiki 50 ni 4,200. Ujanja unaojirudia ni kugawa saa: cheki ya kwanza inaonyesha 40, zile 12 zinalipwa taslimu au kwa cheki ya kampuni ndugu. Mwingine ni kuchanganya wiki mbili: wiki hii saa 50, ijayo 30, wastani 40, "huna ovataimu". Si kweli. Kila wiki inasimama peke yake, na zile saa 10 zinadaiwa.

Mshahara wa chini wa shirikisho ni dola 7.25 na haujapanda tangu Julai 2009. Majimbo mengi yana kiwango cha juu zaidi, na hapo huduma hii inafika kikomo: Wage and Hour inasimamia sheria ya shirikisho peke yake. Jimbo lako likiwa na dola 15 na wewe ukalipwa 11, wakaguzi hawa hawana la kufanya kuhusu hizo 4, labda kama saa za ziada nazo zimepunjwa. Nenda idara ya kazi ya jimbo au kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Na waliozoea sheria za nyumbani watashangaa zaidi. Tanzania, mfanyakazi wa mshahara wa mwezi anategemea notisi ya siku 28 na kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Kwenye sheria hii ya Marekani hakuna notisi, hakuna kiinua mgongo, hakuna malipo ya likizo. Kufukuzwa bila sababu si kosa. Kufukuzwa kwa sababu haramu ndilo kosa. Simu nyingi zinaweza kukwama hapohapo, na mpokea simu si lazima akueleze uende wapi kwingine.

Uchunguzi wenyewe una njia mbili. Dai dogo na jepesi, kama cheki ya mwisho isiyofika hata kima cha chini, mkaguzi humpigia bosi simu na likaisha. Dai la kundi zima hufunguliwa uchunguzi kamili: mkaguzi anakutana na mwajiri, anachukua karatasi za malipo za miaka 2 hivi, anawahoji wafanyakazi faragha, kisha anarudi na jumla. Jina la mlalamikaji halitajwi, na serikali huitetea siri hiyo hata mahakamani. Ila kwenye duka la watu watatu, bosi atakisia tu. Akikufukuza kwa kukisia, hilo ni kosa jingine, na unaweza kudai kurudishwa kazini pamoja na mshahara uliopotea.

Tangu Juni 27, 2025 kuna badiliko linalogusa mfuko moja kwa moja. Zamani wakaguzi walikuwa wakidai mara mbili: mshahara uliopunjwa pamoja na fidia ya kiasi kilekile. Kwa waraka wa siku hiyo, Wage and Hour iliacha kudai ile nusu ya pili kwenye makubaliano ya nje ya mahakama. Mtu wetu wa dola 4,200 atapata 4,200, zikikatwa kodi. Zile nyingine 4,200 zinapatikana kesi ikifika mahakamani, kupitia mawakili wa serikali au wakili binafsi. Kwa hiyo mwajiri aliyekamatwa nje ya mahakama analipa alichopaswa kulipa tangu mwanzo na basi. Kwa maoni yetu huo ni mkopo usio na riba uliotolewa na wasafisha vyoo, na ni pigo kubwa kwa huduma iliyokuwa na heshima.

Fomu WH-58 ndiyo ya kusoma mara mbili. Mwajiri akikubali kulipa chini ya usimamizi wa wakaguzi, utaletewa karatasi ya kupokea hela. Ukisaini na kuchukua hela, umeacha haki ya kumshtaki mwenyewe kwa kipindi kilichoandikwa humo. Hakuna udanganyifu, imeandikwa palepale. Lakini mtu anayedhani anasaini risiti tu anaweza kuchukua dola 1,100 huku daftari lake linasema 3,000. Kabla ya kusaini, linganisha tarehe za mwanzo na mwisho kwenye fomu na wiki unazodai wewe. Kiasi kikiwa kidogo mno, hulazimiki kuchukua. Kakae na wakili wa msaada wa kisheria kwanza. Kwenye kesi binafsi ya mshahara, mwajiri akishindwa ndiye anayelipa ada ya wakili wako, ndiyo maana wapo mawakili wanaochukua kesi hizi bila malipo ya mwanzo.

Kisha kuna saa ya ukutani. Muda wa kudai mshahara ni miaka 2, au 3 ikithibitika mwajiri alikusudia. Watu huamini kwamba ukishapiga simu Wage and Hour, muda umesimama. Haujasimama. Unaendelea kula wiki zako hadi kesi ifunguliwe mahakamani, na kwa kesi ya serikali hadi jina lako liwe kwenye orodha iliyoambatanishwa na hati ya madai. Chukua wiki zilizopunjwa Machi 2024. Uchunguzi ukisuasua na kesi ikafunguliwa Aprili 2026, wiki hizo zimekwisha isipokuwa kusudi lithibitishwe. Wakili mzuri wa serikali humwomba mwajiri asaini hati ya kusimamisha muda wakati wa mazungumzo. Muulize mkaguzi swali moja la wazi: hati hiyo imesainiwa? Akikwepa kujibu, tafuta wakili wako. Na serikali ikifungua kesi yenye jina lako kabla hujafungua ya kwako, haki ya kufungua ya kwako kwa madai hayo inakoma. Milango hii miwili haiachwi wazi kwa pamoja.

Baada ya lawama zote hizo, nguvu yao ikoje? Mfano ni Packers Sanitation Services, kampuni iliyokuwa ikisafisha viwanda vya nyama usiku. Novemba 9, 2022 mawakili wa Wizara walikwenda mahakama ya shirikisho Nebraska wakiwa na ushahidi wa watoto wasiopungua 31. Siku iliyofuata jaji akatoa zuio la muda. Desemba 6 kampuni ikaafiki amri ya kudumu nchi nzima. Kufikia Februari 2023 hesabu ilikuwa watoto 102, wa miaka 13 hadi 17, kwenye viwanda 13 vya majimbo 8, wakishughulika na dawa kali na kusafisha misumeno ya kupasulia vichwa vya ng'ombe. Faini ilikuwa dola 15,138 kwa kila mtoto, kiwango cha juu kabisa wakati huo, jumla dola 1,544,076. Hakuna wakili binafsi ambaye angepata zuio la nchi nzima kwa kasi hiyo. Dosari: faini ya ajira ya watoto huingia hazina ya serikali. Mtoto aliyeungua na dawa hakupata hata dola kutoka kwenye hiyo milioni moja na nusu.

Silaha yao nyingine ni kuzuia bidhaa. Sheria inakataza kusafirisha nje ya jimbo bidhaa iliyotengenezwa na watu waliopunjwa, na wakili anaweza kuomba mahakama iifungie ghalani hadi mishahara ilipwe. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata mkopeshaji aliyechukua mali hiyo kama dhamana, na hakujua lolote, amefungwa na katazo hilo. Kwa kiwanda cha nguo Los Angeles chenye oda ya kupeleka Ijumaa, hilo linauma kuliko faini. Silaha hii ni ya serikali pekee.

Upande wa usalama ndio dhaifu zaidi. OSHA ina miezi 6 tangu kosa litokee kutoa hati ya makosa, mwajiri ana siku 15 za kazi za kuipinga, na akipinga, wakili wa Wizara ndiye anayesimama mbele ya jaji wa tume ya mapitio. Faini kwa viwango vya 2025 ni hadi dola 16,550 kwa kosa kubwa na 165,514 kwa la makusudi au la kurudia, nayo pia haiingii mfukoni mwa aliyekatika kidole. Huyo anategemea bima ya fidia ya jimbo. Linalotusikitisha zaidi ni ulinzi wa anayefukuzwa kwa kuripoti hatari. Ana siku 30 tu. Malalamiko yanapokelewa hata kwa mdomo na kwa lugha yoyote, lakini mahakamani Waziri peke yake ndiye anayeweza kushtaki kwa sheria hiyo. Mawakili wakisema hapana, kwa upande wa shirikisho mlango umefungwa, na wewe binafsi huna kesi. Hapa tunatoa nyota moja, na tunaitoa kwa sababu ya wakalimani. Ukifukuzwa kwa kulalamikia mashine isiyo na kinga na pia kwa kulalamikia mshahara, sema yote mawili siku ya kwanza, kwa maana la mshahara unaweza kulishtaki mwenyewe.

Ofisi tunayoipa nyota tano wala haiko Wizara ya Kazi. Ni Immigrant and Employee Rights Section ya Wizara ya Sheria, simu 1-800-255-7688. Mkimbizi anapoajiriwa hujaza fomu I-9, ile ya kuthibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi, na ofisa wa ajira anamwambia alete grinikadi. Hana haki ya kuchagua karatasi. Leseni ya udereva pamoja na kadi ya Social Security isiyo na masharti vinatosha, na chaguo ni la mfanyakazi. Vilevile grinikadi ikiisha muda baada ya kuajiriwa, hawaruhusiwi kukutaka ulete mpya. Ukipiga simu, na unaweza bila kutaja jina, ofisi inaweza kumpigia mwajiri na kumweleza sheria, na mara nyingi jambo linakwisha kabla ya zamu inayofuata. Ikishindikana, una siku 180 za kufungua malalamiko rasmi.

Ubaguzi wa dini, rangi au asili, na udhalilishaji wa kijinsia, ni kazi ya EEOC, tume ya shirikisho ya usawa katika ajira. Muda ni siku 180, unafika 300 penye chombo cha jimbo kinachoshughulikia kosa hilohilo, na kampuni lazima iwe na watu 15 au zaidi. Mawakili wake wana subira ya ajabu, na nawe itakubidi uwe nayo. Mgogoro wa Wasomali Waislamu na ruhusa ya kuswali kwenye kiwanda cha nyama cha JBS huko Greeley, Colorado ulilipuka Ramadhani ya 2008. EEOC ilishtaki 2010. Mapatano ya hadi dola milioni 5.5 kwa watu 300 hivi yalikuja Juni 2021. Miaka 13. Mtu akihama mji mara tatu katika muda huo, barua ya malipo itamtafuta kule alikokwisha kuhama, kwa hiyo kila unapohama mpe mkaguzi au wakili anwani mpya kwa maandishi.

Wage and Hour nayo hukusanya mishahara ya watu isiowapata. Kwenye tovuti yake kuna ukurasa uitwao Workers Owed Wages: unaandika jina la kampuni, kisha jina lako, na kama kuna hela inaonekana. Jaribu tahajia zote za jina lako, pamoja na lile kosa lililoandikwa kwenye karatasi za kambini, kwani walipaji hunakili kutoka huko. Hela hukaa miaka 3, baada ya hapo huhamia hazina ya taifa.